Jogoo anayewika ugenini

Kuna video moja naiangalia kila nikiwa sina la kufanya. Nyasi za uwanja wa Tottenham Hotspur zinagawanyika mapande matatu, yanaachana, kisha yanateleza taratibu juu ya reli na kumezwa chini ya jukwaa la kusini. Dakika kama 25 hivi. Chini yake kumbe kuna uwanja mwingine kabisa, wa nyasi bandia, wa kuchezea soka la Kimarekani. Mechi ya NFL, ligi ya soka hilo la Marekani, ikiisha, nyasi halisi zinarudishwa mahali pake kama vile hakuna kilichotokea.

Si shabiki wa Spurs, kama Tottenham wanavyoitwa kwa kifupi, lakini uwanja ule nauhusudu. Unaingiza watu 62,850. Jukwaa la kusini peke yake linabeba 17,500, limepanda kwa mkupuo mmoja bila kukatwa ghorofa, wazo walilolitoa kwenye ule ukuta wa njano, jukwaa kubwa la mashabiki wa Borussia Dortmund kule Ujerumani. Humo ndani kuna baa yenye urefu wa mita 65, na bia inaingia kwenye glasi kwa kupitia kitako: unaibandika juu ya mashine, yenyewe inapanda hadi inafura povu. Juu ya paa kasimama jogoo wa dhahabu, nembo ya klabu, na waliomtengeneza wakakumbuka kumwekea na kibonyeo cha risasi, kwa kuwa jogoo wa zamani aliwahi kupigwa kwa bunduki ya upepo na Paul Gascoigne, mchezaji wao wa zamani. Aliyewaza kibonyeo hicho anaipenda klabu kweli.

Sasa huyo jogoo awike basi! Tunasema jogoo wa shamba hawiki mjini. Huyu ni wa mjini, kajengewa banda la pauni bilioni moja, na sauti yake tunaisikia akiwa ugenini. Uwanja ulifunguliwa Aprili 2019, Son Heung-min akafunga bao la kwanza dhidi ya Crystal Palace. Mwezi huohuo Ajax wakaja kwenye nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa wakashinda 1-0 palepale. Furaha ilipatikana kwenye marudiano kule Amsterdam, Lucas Moura wa Spurs alipotupia matatu. Na kombe walilolisubiri tangu 2008? Bilbao kule Hispania, Mei 2025, fainali ya Ligi ya Europa, 1-0 dhidi ya Manchester United.

Watani wao wanasema walijenga uwanja wakasahau timu. Utani mtamu, ila mimi siukubali. Ni kweli msimu wa 2018/19 hawakusajili hata mtu mmoja, dirisha la kiangazi wala la Januari. Lakini kikosi hichohicho ndicho kilichofika fainali Madrid na kufungwa na Liverpool. Ujenzi haukuwamaliza. Kilichowamaliza ni kilichofuata pesa zilipoanza kumiminika: Beyoncé alipiga shoo tano pale mwaka 2023, ngumi zikapigwa, NFL wakawa wanakuja kila mwaka, halafu mishahara ikabaki chini ya nusu ya mapato huku wapinzani wao wakubwa wakimwaga pesa. Makocha ndio waliokuwa wakifukuzwa, mmoja baada ya mwingine. Hata Ange Postecoglou aliyewaletea kombe la Bilbao alitimuliwa wiki mbili tu baadaye. (Msimu huo kwenye ligi walimaliza nafasi ya 17, wamepoteza mechi 22 kati ya 38, kwa hiyo sisemi alionewa moja kwa moja.)

Daniel Levy, mwenyekiti wa klabu, aliondoka Septemba 2025 baada ya takriban miaka 25. Uwanja ule ni kazi yake na nampa heshima yake yote. Ila aliusimamia kama mtu aliyenunua jiko zuri la kisasa, kisha akawa mchoyo wa mchele.

Ubingwa wao wa mwisho wa ligi ni wa 1961. Mwenye kukalia kiti chake leo hana haja tena ya kumwaga zege. Aende dirishani, anunue kiungo mmoja ghali mpaka watu washike vichwa.