Mimi Nilivuka Mpaka, Namba Yangu Imeshindwa Kuvuka Barabara

Mimi ni mtu wa Mombasa ninayefanya kazi ya uhasibu hapa Mbeya, na naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba nilipohama Kenya kuja Tanzania sikupata taabu ya kusimulia. Pale Horohoro niligongewa mihuri nikavuka, mwajiri wangu akashughulikia kibali cha kazi na kibali cha ukaazi cha daraja B, na baada ya safari ndefu ya basi kupitia Chalinze, Morogoro na Iringa niliteremka stendi nikiwa na mabegi yangu yote na akili zangu zote. Mabegi bado ninayo. Akili zilianza kupungua siku nilipoamua kuihamisha simu ya nyumbani, pamoja na intaneti yake, kutoka kampuni moja kwenda nyingine, ambayo duka lake liko ng'ambo ya barabara ileile pale Mwanjelwa, kiasi kwamba mtu akipiga chafya katika duka hili anasikika katika lile.

Simu yenyewe si ile ya waya. Kwa umbo ni ya mezani, lakini tumboni ina laini kama ya mkononi, na inakaa sebuleni kwa sababu ya mama yangu mzazi aliyeko Kisauni, kule Mombasa, ambaye haiamini simu inayobebwa mfukoni. Anasema mtu anayepokea simu akiwa njiani hajulikani yuko wapi wala yuko na nani. Namba ya simu hiyo ameiandika kwa wino ukutani, chini ya saa, na ameshanionya kwamba haitabadilika, kwa kuwa nyumba imekwisha kupakwa rangi. Kwa hiyo kununua laini mpya na kuitupa ya zamani, kama wanavyofanya watu wenye mama wepesi, halikuwa jambo la kufikiriwa.

Sababu ya kutaka kuhama ilikuwa intaneti. Kila jioni ilipofika saa mbili, rauta iliwasha taa zake zote kwa uaminifu mkubwa na haikuleta kitu chochote. Nilipopiga huduma kwa wateja niliambiwa tatizo ni mkongo wa baharini, yaani ule waya mkubwa wa intaneti unaolala chini ya bahari. Ni kweli kwamba tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, nchi kadhaa za ukanda huu zikayumba, nasi tukavumilia pamoja na wenzetu. Lakini mikongo iliunganishwa, dunia ikaendelea na mambo yake, na kampuni yangu ikabaki na ule udhuru kwa sababu ilikuwa imekwisha kuupenda. Miezi ilipita, na kila nilipopiga niliambiwa habari za bahari. Mimi ni mtoto wa pwani na bahari naijua. Najua pia kwamba kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo maji yanayokuja kuikatiza tamthilia ya mke wangu kila siku saa mbili kamili usiku, bila kuchelewa hata dakika moja, ni maji yenye nidhamu ambayo sijapata kuiona hata kwa watumishi wa ofisi yetu.

Bahari ilipochoka, ikaja barabara. Jiji letu linajengewa barabara ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Songwe, kilomita 29, na kazi hiyo ina mitaro na makatapila ya kutosha kusingiziwa jambo lolote. Nikaambiwa katapila limekata waya. Katapila kukata waya ni jambo la kawaida na sikatai, ila rauta yangu haina waya popote isipokuwa ule wa umeme. Inapokea mawimbi kutoka mnarani. Nilipolieleza hilo, kijana wa upande wa pili alinyamaza kidogo, akaniambia atalifikisha kwa wahusika. Ulipoingia mwezi Juni, ambao hapa Mbeya huwalaza watu na masweta, nilielezwa kwa sauti ya huruma kwamba mitambo nayo huathiriwa na baridi.

Hapo ndipo nilipoikumbuka haki yangu. Tangu tarehe 1 Machi 2017 mteja wa simu nchini Tanzania anaruhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba, na kwa maandishi utaratibu wake ni mwepesi mno: unakwenda kwa kampuni unayohamia ukiwa na kitambulisho, unatuma neno HAMA kwenda 15080, na wao wanaongea wenyewe kwa wenyewe. Kwetu Kenya ruhusa kama hiyo ilianza Aprili 2011, kwa hiyo sikuwa mgeni wa jambo hilo.

Nilichokuwa mgeni nacho ni mimi mwenyewe. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019 nilijisajili kwa pasipoti yangu, kama inavyompasa mtu asiye raia. Baadaye pasipoti hiyo ikafutwa, ikakatwa pembe, na nikapewa ile ya kielektroniki ya Afrika Mashariki yenye namba mpya. Kumbe kwa kompyuta hapo nilizaliwa upya bila yule wa kwanza kufa. Mwenye namba ni yule wa pasipoti ya zamani. Anayetaka kuihamisha ni huyu wa pasipoti mpya, na kompyuta haitaki kumwona mtu akichukua mali ya mwenzake. Niliweka kidole. Binti wa kaunta akatazama kioo, akasema:

"Vidole vinafanana, baba, ila watu ni wawili."

Nikarudi ng'ambo, kwa kampuni ya zamani, kuomba wanibadilishie namba ya pasipoti kwenye kumbukumbu zao.

"Hii imefutwa, baba."

"Imefutwa kwa sababu nimepata hii nyingine, binti yangu."

"Sawa, lakini hiyo nyingine kwetu haipo."

"Ndiyo maana nimekuja ili iwepo."

"Ili tuiingize, mwenye namba anatakiwa aje mwenyewe na kitambulisho kilicho hai."

Msomaji atauliza kwa nini sikupandisha sauti. Hajawahi kuishi Mbeya. Natoka nyumbani nimekunja uso, nimepanga maneno yangu kuanzia makali hadi makali zaidi, naingia dukani, na binti ananiona, anasimama, anakunja magoti kidogo na kusema, "Shikamoo baba, pole na baridi, mama hajambo?" Mtu ataanzaje kugomba baada ya hapo? Unaitikia marahaba, unajibu kwamba mama hajambo, unaulizwa watoto, unaulizwa kazi, na mpaka salamu ziishe hasira imepoa kama chai iliyosahauliwa dirishani. Naamini kabisa kwamba kama wangenitukana ningekuwa nimehama siku nyingi.

Nikashauriwa nilete barua ya ubalozi inayosema kwamba mimi na mimi ni mtu mmoja. Ubalozi wa Kenya uko Dar es Salaam. Nilikwisha kuanza kuulizia nauli ndipo aliporudi kutoka likizo ya uzazi dada mmoja ambaye sikuwahi kumwona pale, akasikiliza shauri langu huku akinyonyesha jicho moja kwenye simu yake, akabonyeza mahali palipoandikwa "badili kitambulisho", na kazi ikaisha kabla sijavuta kiti. Wenzake walimzunguka kutazama. Inaonekana sehemu hiyo ilikuwepo siku zote.

Likabaki deni. Laini ilikuwa na mkopo wa salio ambao shemeji yangu aliuchukua alipokuja likizo, akautumia kuwapigia marafiki zake wa Arusha, na mwenye deni haruhusiwi kuhama. Nikalipa bila maneno, kwa sababu shemeji ni shemeji. Mafundi wa kampuni mpya nao wakaja, wakatafuta nguzo, wakaivuta faiba juu ya mparachichi wa jirani baada ya kumwomba radhi na kumwachia soda, na sasa tamthilia inaonekana mwanzo hadi mwisho. Mama alipiga kutoka Kisauni siku ileile namba ilipohama na hakugundua lolote, isipokuwa alilalamika kwamba nimenenepa sauti.

Nilikuwa nimeonywa kutoa fedha zote zilizokuwa kwenye akaunti ya simu kabla ya kuhama, kwa kuwa zenyewe hazihami pamoja na namba, na nilizitoa hadi senti ya mwisho jioni ya kuamkia siku hiyo. Ila ninaye mdaiwa mmoja hapa Uyole, mtu ambaye tangu namfahamu akiniona barabarani huvuka upande wa pili. Asubuhi hiyohiyo, saa moja kabla namba haijahama, alishikwa na uchaji Mungu na kunitumia shilingi 9,000. Sasa zimo katika kampuni niliyoihama, kwenye akaunti ya laini isiyokuwepo, na ili nirudishiwe napaswa kujaza fomu na kuambatanisha nakala ya pasipoti ya zamani, ile iliyokatwa pembe, ikiwa imegongwa muhuri wa wakili. Muhuri wa wakili ni shilingi 10,000. Mke wangu anasema niziache. Mdaiwa anasema yeye amekwisha kulipa na anao ujumbe wa kuthibitisha. Wakili amesema nije Jumatatu na pasipoti zote mbili.