Nesi akikosea dawa, tukishamfunga ndo tumemaliza?

Hapa Ngamiani siku hizi kahawa inanyweka na stori moja tu, nesi kumpa mgonjwa dawa isiyo yake, na kijiwe kishahukumu: afukuzwe, afungwe. Hasira hiyo naijua maana mie mwenyewe nishaibeba, ila naona nesi kwenye mjadala huu hasikilizwi kabisa.

Shangazi yangu alilazwa hospitali moja ya huku kwetu, sukari ilimpanda. Wodi ile walikuwepo kina Mwanaisha watatu, na sie watu wa Tanga mnatujua, majina ni yale yale ya mabibi yanarudi. Usiku akapewa vidonge vya presha vya Mwanaisha wa kitanda cha pili, presha ikashuka, jasho likamtoka mpaka shuka likalowa, ikawekwa dripu na kulipokucha akawa anaongea vizuri. Aliyetuambia kilichotokea ni nesi mwenyewe. Angenyamaza tungesema ni sukari tu na tungemshukuru kwa kumhudumia.

Wauguzi wanafundishwa mambo matano kabla ya kutoa dawa: mgonjwa ndo mwenyewe, dawa ndo yenyewe, dozi, njia na muda. Kwahiyo anayesema ni uzembe ana pa kusimamia, nesi angeuliza jina la baba tu tungeokoka.

Na upande huo una kesi nzito kuliko ya shangazi. Marekani, mji wa Nashville, Desemba 2017, nesi RaDonda Vaught aliagizwa dawa ya kumtuliza mgonjwa aende kupigwa picha, inaitwa Versed. Akaandika herufi VE kwenye kabati la dawa la kompyuta, haikutokea, akaruka kizuizi cha mashine akatoa vecuronium, dawa inayolegeza misuli mpaka mtu anashindwa kupumua. Mfuniko wa kichupa una onyo, na dawa yenyewe ni unga wa kuchanganywa wakati Versed ni ya maji. Mama wa watu, miaka 75, akafa. Machi 2022 mahakama ikamtia hatiani, Mei akapewa miaka 3 ya uangalizi nje ya jela. Mie hapo siwezi kusema hana kosa, na familia iliyozika ina haki ya kujibiwa.

Lakini nesi yule alikiri tangu mwanzo. Hospitali ndo haikuripoti kosa lile kwa mamlaka kama inavyotakiwa, ikamalizana na familia kimya kimya, na kwenye kesi ikasemwa kuruka kile kizuizi ilikuwa kawaida ya kazi pale. Aliyepanda kizimbani ni mmoja.

Sasa kuna utafiti wa Sydney, Australia, mie hautoki kichwani. Waliwafatilia wauguzi 98 wakitoa dawa mara 4,271, wakakuta zaidi ya nusu ya mara hizo nesi alikatizwa katikati ya kazi, na kila kukatizwa kumoja kuliendana na makosa kuongezeka kwa kama asilimia 12. Kila kumoja, sio jumla. Hebu rudi nayo kwenye wodi zetu, wauguzi wawili usiku na vitanda vimejaa mpaka koridoni, trei ya dawa mkononi, huyu anaita sista dripu imeisha, yule sista mama anatapika, simu ya maabara inalia, daktari anataka faili. Usiku ule mie peke yangu nilimwita mara tatu, na mara moja ilikuwa kuuliza choo kiko wapi. Nikija kuhesabu asilimia za watu najikuta na mie nimo ndani.

Utafiti mwingine wa Marekani wa 2002, vituo 36, ulikuta dozi 19 katika kila 100 zina kasoro fulani, zilizoongoza ni dawa kutolewa nje ya muda. Na wale wana mashine! Tukisema kila kosa ni selo, nani atabaki wodini?

Nnachoogopa zaidi ni ukimya. Nesi akishaona mwenzie kapelekwa polisi baada ya kusema ukweli, siku yake ikifika ataficha, na mgonjwa aliyepewa dawa isiyo yake anahitaji daktari ajue ndani ya dakika chache, sio baada ya uchunguzi wa kamati. Aliyefanya kusudi, aliyekuja kazini amelewa, aliyefuta maandishi kwenye faili, huyo apelekwe. Aliyekosea akasema, asikilizwe kwanza, waangalie na walikuwa wangapi shifti ile.

Shangazi alikaa siku nne zaidi. Siku anaruhusiwa nikaona faili za kina Mwanaisha wote zimeandikwa majina matatu matatu kwa kalamu nyekundu, na nesi yule yule akifika kitandani anauliza, mama, baba yako anaitwa nani?