Tembo atolewe ili kifaru ashibe?

Katika hifadhi ya Lewa, kaskazini mwa Mlima Kenya, kuna vipande vya ardhi vilivyozungushiwa uzio wa nyaya mbili tu za umeme, tena nyaya zenyewe zimefungwa juu, karibu mita mbili kutoka ardhini. Pundamilia anapita chini yake bila hata kuinamisha kichwa. Kifaru mweusi naye anapita. Wanaobaki nje ni wawili: tembo na twiga.

Uzio huo ni hukumu ya aina yake. Unasema kwamba majani yaliyomo ndani ni ya kifaru kwanza, na kwamba majirani zake warefu wakiachiwa watayamaliza. Wapo wahifadhi wanaotaka kwenda mbali zaidi: tembo wapunguzwe au waondolewe kabisa katika maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya vifaru. Wengine wanaona huko ni kumwonea tembo kwa kosa lililofanywa na binadamu. Nimezifuata hoja za pande zote mbili kwa muda mrefu, na naona kila upande una ukweli ambao mwenzake hapendi kuusikia.

Tuanze na hesabu iliyotufikisha hapa. Karibu mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 majangili walikuwa wamebakiza chini ya 400. Waliosalia wakakusanywa katika maeneo yenye uzio na ulinzi wa saa 24, na humo wakazaana hadi leo wamepita 1,000. Lakini tembo nao walikuwa wakiwindwa, na tembo ni mnyama anayejifunza haraka mahali ambapo risasi hazilii. Wakajaa mle mle alimohifadhiwa kifaru. Wanyama wawili wakubwa wanaokula matawi wakajikuta wanagawana sahani moja ambayo kingo zake zimewekewa umeme.

Kwamba wanagawana, hilo halina ubishi. Kifaru mweusi si mla nyasi kama mwenzake mweupe; ana mdomo wa juu uliochongoka, anaushika nao tawi, analivuta na kulikata kwa magego. Ukikuta kichaka alichokula utakitambua mara moja: ncha za matawi zimekatwa kwa mshazari, safi, kana kwamba mtu amepita na mkasi wa kupogolea. Hata ukichangua kinyesi chake utaviona vijiti hivyo, vimekatwa kwa mshazari ule ule. Tembo hana uangalifu huo. Anachana gome, anavunja shina, na akitaka anausukuma mti mzima ulale chini. Tembo mkubwa hula zaidi ya kilo 100 kwa siku. Kichaka kilichopogolewa na kifaru huchipua tena; mgunga uliong'olewa umekwisha.

Utafiti uliofanywa Sweetwaters, eneo ambalo leo ni sehemu ya hifadhi ya Ol Pejeta huko Laikipia, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2002, ulilitazama jambo hili kwa karibu. Mti uliochunguzwa ni ule mgunga mfupi wenye vifundo vyeusi vinavyokaliwa na sisimizi, ambao umetapakaa kote Laikipia. Twiga waliudumaza kwa kuula ncha, huku tembo na vifaru wenyewe wakiuua. Ikaonekana kwamba hifadhi iliyoanzishwa kumwokoa kifaru ilikuwa njiani kupoteza chakula chake. Huko Addo, Afrika Kusini, watafiti walilinganisha mlo wa vifaru weusi tembo wakiwepo na wasipokuwepo, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2013. Tembo walipokuwepo, kifaru alikula nyasi zaidi. Kwa mnyama ambaye mdomo wake umeumbwa kwa ajili ya vichaka, hiyo ni dalili ya mtu aliyenyang'anywa chakula chake na kujiridhisha na kilichobaki.

Njaa ya namna hiyo haimwangushi kifaru siku moja. Inajificha katika uzazi. Kifaru mweusi hubeba mimba kwa takriban miezi 15, na akishiba vizuri anaweza kuzaa kila baada ya miaka miwili na nusu au mitatu. Akidhoofika, pengo kati ya ndama na ndama hurefuka, na mtamba huchelewa kuanza kuzaa. Walinzi watahesabu vifaru wale wale mwaka hadi mwaka na kuripoti kwamba hakuna aliyeuawa, kumbe idadi imeganda.

Kisha kuna damu. Katika hifadhi ya Pilanesberg, Afrika Kusini, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990, madume vijana ya tembo yaliwavamia vifaru weupe na kuwaua zaidi ya 40. Jambo kama hilo likatokea pia Hluhluwe-iMfolozi, hifadhi nyingine ya nchi hiyo. Hawakuwa wakigombea maji wala majani; tembo walikuwa wakiwafuata vifaru na kuwachoma kwa pembe. Anayetaka tembo watengwe haishiwi na mifano.

Lakini Pilanesberg ndiyo mfano ninaoutegemea zaidi nikiwatetea tembo. Wale vijana walikuwa yatima. Wazazi wao waliuawa katika hifadhi kubwa ya Kruger, Afrika Kusini, katika operesheni za kupunguza tembo, watoto wakapakiwa kwenye malori na kupelekwa mahali pasipo na dume mzee hata mmoja. Wakaingia mapema mno katika ile hali ya madume ambapo homoni za uzazi zinapanda, majimaji yanachuruzika kutoka kwenye mashavu na hasira haizuiliki. Kwa kawaida dume mzee akiwa karibu, hali hiyo kwa kijana hupoa. Mwaka 1998 wakaletwa madume sita wakubwa kutoka Kruger, na mauaji ya vifaru yakakoma. Kwa hiyo kisa kinachotumiwa kuonyesha ukatili wa tembo kinaeleza yanayotokea binadamu wanapovunja familia ya wanyama na kudhani idadi peke yake inatosha.

Tembo pia humlisha kifaru, jambo ambalo wanaotaka atolewe hulitaja kwa haraka. Kifaru mweusi hula zaidi chini ya mita mbili. Matawi mabichi yaliyo juu ya hapo hayamfikii. Tembo akikivunja kichwa cha mgunga na kukiacha kikining'inia, amekishusha chakula hadi mdomoni mwa kifaru. Katika vichaka vizito hufungua njia ambazo wanyama wengine wanazifuata, na wakati wa kiangazi huchimba mashimo ya maji kwenye mito ya mchanga, nao wengine hunywa akishaondoka. Kwenye visima vya Etosha, Namibia, ambako vifaru weusi hujitokeza usiku, jamii hizi mbili huonekana zikinywa maji mamoja. Mara nyingi kifaru humpisha tembo na kusubiri, ingawa wapo wanaokaidi.

Tena tembo hubebeshwa lawama zisizo zake. Msitu wa Lerai katika kreta ya Ngorongoro, ambako vifaru hupata kivuli na maficho, umepoteza migunga mingi ya manjano. Kwa miaka mingi macho yalielekezwa kwa madume ya tembo yanayoshinda humo. Utafiti wa udongo uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha chumvi nyingi ardhini, na chumvi hutokana na namna maji yanavyoingia na kutoka msituni. Tembo aliiangusha miti, hilo linaonekana kwa macho, lakini ardhi yenyewe ilikuwa imekwisha kuidhoofisha. Mwenye kuwafukuza tembo Lerai bila kushughulikia maji angebaki na msitu unaokufa kimyakimya.

Sasa Tsavo, ambayo ndiyo inayonisumbua zaidi kwa sababu haimpi mtu jibu rahisi. Katika ukame wa 1960 na 1961, vifaru zaidi ya 200 walikufa kando ya mto Athi. Maji yalikuwepo, kilichokosekana ni majani, kwani tembo walikuwa wamekwisha kuyamaliza maeneo ya karibu na mto. Miaka michache baadaye Richard Laws, mwanasayansi kutoka Uingereza, alishauri maelfu ya tembo wapigwe risasi kuinusuru hifadhi. David Sheldrick, mkuu wa Tsavo Mashariki, akapinga: asili iachwe ijirekebishe yenyewe. Sheldrick alishinda. Ukaja ukame wa 1970 na 1971, tembo wapatao 6,000 wakafa kwa njaa, na vichaka vikaanza kurudi.

Mashabiki wa Sheldrick huishia hapo. Mimi naona kuna swali mbele yake. Vichaka viliporudi, vifaru walikuwa wapi? Walikuwa wakichinjwa na majangili, hadi Tsavo, iliyokuwa na maelfu ya vifaru, ikabaki karibu tupu. Kama ni kupima nani alimmaliza kifaru wa Tsavo, tembo hakaribii hata kidogo kiwango cha binadamu. Hata hivyo siwezi kujifariji kwamba ushindani wa tembo ni suala la uzio pekee, kwa maana Tsavo ya 1961 haikuwa na uzio wa kuwabana. Kilichowabana ni mto: maji ya kudumu yalikuwa pale tu, na nje ya mipaka kulikuwa na bunduki na makazi ya watu. Tembo asiye na pa kwenda ni tembo aliyefungiwa, hata kama hakuna waya.

Hapo ndipo ninapoegemea. Wanaotaka tembo atolewe hutuelekeza Nairobi na Ziwa Nakuru, hifadhi mbili zisizo na tembo wa porini ambamo vifaru wamezaana hadi kupelekwa kwingine. Ni kweli. Lakini mwaka 2024, vifaru weusi 21 walipohamishiwa Loisaba, hifadhi nyingine ya Laikipia, ambako hawakuwa wameonekana kwa takriban miaka 50, walitolewa sehemu tatu: Nairobi, Lewa na Ol Pejeta. Mbili kati ya hizo zina tembo. Ol Pejeta ina vifaru weusi wengi kuliko hifadhi nyingine yoyote ya Afrika Mashariki, na tembo wanaingia na kutoka humo.

Kuingia na kutoka ndilo jambo lenyewe. Katika uzio wa kaskazini wa Ol Pejeta zimeachwa nafasi zilizosimikwa vigingi vifupi, karibukaribu. Tembo anavivuka, swala na simba wanapenya, kifaru mwenye miguu mifupi na mwili mpana anashindwa. Lewa nao walishirikiana na wenzao kufungua njia ya tembo kuelekea Mlima Kenya, ikiwa na kivuko chini ya barabara kuu ya Nanyuki na Meru, ambacho tembo walianza kukitumia mwaka 2011. Tembo akiondoka kwa miezi kadhaa, vichaka vinapumua.

Kwa hiyo ningepanga hatua hivi. Kwanza tembo apewe mlango. Pili, pale ambapo vichaka vimekwisha kuumia, zifungwe zile nyaya mbili za juu, kwa muda, hadi migunga ipite kimo cha hatari. Kuwahamisha tembo kuwe hatua ya mwisho, na wakihamishwa waende na ukoo wao pamoja na madume wazee. Kwa hifadhi ndogo sana, ambayo imezungukwa na mashamba na haina mahali pa kufungua mlango, nakubaliana na upande wa pili: humo asiingizwe tembo tangu mwanzo. Kumlazimisha kifaru agawane hekari chache na tembo kwa sababu watalii wanapenda kuwapiga picha wote wawili ni kumuua taratibu.

Kinachonikera ni kwamba mjadala huu mara nyingi unaendeshwa bila vipimo. Taarifa zinazotolewa hadharani husema vifaru ni wangapi na wangapi wamezaliwa, basi. Hifadhi yenye tembo na kifaru inapaswa kutangaza pia mambo mawili kila mwaka: wastani wa miezi kati ya ndama mmoja na anayefuata kwa kila jike, na hali ya vichaka chini ya mita mbili katika maeneo yale yale yanayopimwa miaka yote. Walinzi wanaowafuatilia vifaru mmoja mmoja kwa alama za masikio tayari wanalijua la kwanza. La pili linahitaji watu wachache, kamba ya kupimia na subira.