Kuambiwa "bana tu" sio matibabu ya misuli ya nyonga

Nianze na kinachoniuma. Mwanamke anajifungua, miezi inapita, akipiga chafya mkojo unamtoka, akikimbia kidogo unamtoka, siku akijikaza akasema anajibiwa "ah hiyo kawaida, ukishazaa ndo inakuwa hivyo, we bana bana huko chini itaisha yenyewe." Mazungumzo yanaishia hapo. Hakuna aliyemuuliza anabanaje, hakuna aliyempima, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi, waliosomea hasa hiyo sehemu na wanaitibu kila siku. Anaenda kubana kwa kubahatisha, haoni mabadiliko, anaacha, anaanza kuvaa pedi kila siku na kukwepa kucheka kwa nguvu mbele za watu. Mimi hilo silikubali kabisa. Ni kweli linawapata wengi, lakini kuwapata wengi hakulifanyi liwe kitu cha kuzoea.

Misuli ninayoisema, ya nyonga, imetandazwa chini ya nyonga kama machela, kutoka mfupa wa kinena mbele mpaka kifandugu nyuma, na juu yake ndo kumekaa kibofu, kizazi na mwisho wa utumbo mpana. Wanaume nao wanayo, ila kwao badala ya kizazi kuna tezi dume. Kazi zake ni nyingi kuliko watu wanavyodhani: inashikilia hivyo viungo visishuke, inafunga njia ya mkojo na ya haja kubwa mpaka ufike chooni, ukishafika inaachia, inahusika kwenye tendo la ndoa, na inakwenda pamoja na pumzi. Hii ya pumzi wengi hawaijui. Ukivuta hewa, kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kinashuka na misuli ya chini nayo inashuka kidogo, ukitoa hewa inapanda. Ndo maana mtu mwenye tabia ya kuzuia pumzi kila akinyanyua mzigo au mtoto anakuwa anasukuma kila kitu chini bila kujua.

Sasa hapa ndo penye hoja yangu. Hii misuli inaweza kuharibika kwa njia mbili zinazopingana. Ya kwanza ni kulegea, na hiyo ndo inayosemwa sana: mimba, kuzaa kwa njia ya kawaida hasa ikiwa mtoto alivutwa kwa koleo, kuchanika msamba, kikohozi cha muda mrefu, uzito mkubwa, kusukuma choo kigumu miaka na miaka, kukoma hedhi. Ya pili ni kukaza kupita kiasi, yaani misuli imejibana na haijui tena kuachia. Huyu wa pili unakuta ana maumivu wakati wa tendo la ndoa, au mkojo unachelewa kuanza, au choo kinafika mlangoni hakitoki, au maumivu ya nyonga ambayo vipimo vyote havioni kitu, na wakati mwingine naye mkojo unamvuja pia! Kwahiyo kwa nje wawili hawa wanaweza kusema dalili ile ile, ila mmoja anahitaji kuimarishwa na mwingine anahitaji kufundishwa kulegeza kwanza. Ukimwambia huyu wa pili "bana mara mia kwa siku" unaweza kumzidishia maumivu. Na ndo ushauri anaopewa kila mtu, kila mahali, bila kupimwa.

Hata kwa yule ambaye kweli anahitaji kubana, maneno peke yake hayatoshi. Kuna utafiti wa mwaka 1991 wa daktari wa Kimarekani Richard Bump na wenzake, walichukua wanawake 47 wakawaelekeza kwa maneno mafupi tu namna ya kubana halafu wakawapima. Wanawake 23 ndo waliobana vizuri, na 12, yaani robo yao, walikuwa wanafanya kitu kinachoweza kuzidisha kuvuja maana badala ya kuvuta juu walikuwa wanasukuma chini. Fikiria mtu anasukuma chini miezi mitatu kila siku kwa bidii zote akiamini anajitibu.

Na kinachonisikitisha zaidi ni kwamba haya mazoezi yanaitwa Kegel kwa jina la Arnold Kegel, daktari wa magonjwa ya wanawake wa Marekani aliyeandika kuyahusu mwaka 1948, na yeye mwenyewe hakuwahi kusema bana tu. Alikuwa anampima mwanamke kwa kidole kwanza kuona kama msuli unaitika, na akatengeneza kifaa cha kuingiza ukeni chenye mshale wa kuonyesha presha ili mwanamke aone kwa macho yake kama anabana kweli na kama wiki hii ni bora kuliko ile iliyopita. Yaani mwenye jina lake alisisitiza kupima na kufuatilia, sisi tumebaki na jina tumetupa kazi yenyewe.

Basi tiba yenyewe inakuwaje? Naelezea kwa kirefu maana najua woga uko hapa.

Siku ya kwanza sehemu kubwa ni maongezi. Utaulizwa unaenda kukojoa mara ngapi, usiku unaamka mara ngapi, unavuja ukifanya nini, choo kikoje, ulizaaje, ulishonwa au hapana, tendo la ndoa lina maumivu au halina, unakunywa maji kiasi gani na chai kahawa kiasi gani. Maswali mengine yanatia aibu lakini anayeuliza ameshasikia yote, hata hastuki. Wengi watakupa daftari la mkojo ujaze siku 3: saa ngapi ulikunywa na kiasi gani, saa ngapi ulikojoa, ulivuja lini na ulikuwa unafanya nini. Kile kidaftari kinafichua mambo, unakuta mtu anakwenda chooni kila dakika arobaini kwa kuogopa tu, kibofu chenyewe hakijajaa, na kwa kufanya hivyo amekizoesha kibofu kudai mapema.

Halafu anaangalia unavyosimama, unavyopumua, tumbo, mgongo, nyonga. Baada ya hapo ndo anakuelezea kipimo cha ndani na kukuomba ruhusa. Kuomba ruhusa sio adabu ya ziada, ni sharti, na una haki ya kukataa au kusema subiri au kusema acha katikati. Unalala chali magoti yamekunjwa, umefunikwa shuka, na anatumia kidole kimoja chenye glavu na mafuta laini, hakuna kile chuma baridi cha kupanulia. Anagusa pole pole upande huu na ule kutafuta sehemu iliyokaza au yenye maumivu, halafu anakwambia vuta juu kama unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, shikilia, achia. Nguvu anaipa alama kuanzia 0 mpaka 5. Na anaangalia sana ule muda wa kuachia, kama msuli unarudi chini wote au unabaki nusu njia. Halafu anakwambia kohoa. Mimi nilipoambiwa nikohoe akanionyesha kwamba msuli wangu unachelewa, kikohozi kinatangulia ndo msuli unafuata, na hapo hapo ile hali ya kuvuja nikikohoa ikapata maelezo ambayo sikuwahi kupewa na mtu yeyote. Akanifundisha kubana sekunde moja KABLA ya kikohozi au chafya. Ni kitu kidogo sana na kinafundishika.

Usipotaka kipimo cha ndani bado kuna njia, anaweza kugusa kwa nje kwenye msamba au kutumia altrasaundi juu ya tumbo, sio kamili kama cha ndani lakini ni bora kuliko kubahatisha.

Kutoka hapo kila mtu anapewa lake. Aliyelegea anapewa mazoezi ya kushikilia kwa muda na mengine ya haraka haraka, na mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, kwa mkojo unaovuja ukikohoa au kunyanyua ni angalau kubana mara 8, mara 3 kwa siku, kwa angalau miezi 3 chini ya usimamizi. Miezi mitatu jamani, msuli haujengwi kwa wiki mbili, na wengi huacha wakati ndo kazi imeanza. Mwenye mkojo wa haraka haraka anafundishwa kurefusha muda kati ya safari za chooni kidogo kidogo. Aliyekaza anaanza na pumzi za tumbo, mikao ya kufungua nyonga, mtaalamu anaachia vifundo kwa kidole, na wale ambao uke unajikaza wenyewe hata kitu kidogo hakiingii wanapewa vifaa laini vya kupanua taratibu, wanaanza na kile chembamba kabisa na hawaendi kinachofuata mpaka mwili ukubali. Wasiohisi msuli wao kabisa wanaweza kuwekewa kipimo chenye skrini waone mstari ukipanda wakibana, au umeme mdogo wa kuamsha msuli. Mwenye shida ya choo anafundishwa kukaa magoti yakiwa juu kuliko nyonga, kuinama mbele na kutoa hewa badala ya kuzuia pumzi na kukamua.

Inasaidia kweli? Kwa mkojo unaovuja ukikohoa jibu ni ndio, na ushahidi wake ni mzuri. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti 31 yalikuta wanawake wenye tatizo hilo waliofanya haya mazoezi asilimia 56 walisema wamepona, wakati wasiopewa matibabu walikuwa asilimia 6. Dawa ngapi zinatoa matokeo hayo bila madhara makubwa? Na NICE wanaitaja kama tiba ya kwanza kabla ya kufikiria operesheni. Kule Ufaransa mwanamke aliyejifungua anaandikiwa hii tiba na bima ya taifa inalipia, na sioni kwanini isiwe hivyo kila mahali, maana mtu akiumia goti anapelekwa fiziotherapia bila hata kuomba, lakini aliyechanika msamba anapewa nyuzi na pole.

Wanaume msifikiri hii makala sio yenu. Tezi dume ikiondolewa kwa sababu ya kansa, mkojo kuvuja baada ya operesheni ni jambo linalotokea sana, na mazoezi haya mara nyingi hufundishwa hata kabla ya operesheni ili mtu aingie akiwa anajua msuli wake uko wapi. Maumivu ya muda mrefu ya kinena na msamba kwa wanaume nayo mara nyingi yanahusu misuli iliyokaza, na unakuta mtu ameshakunywa antibayotiki kozi kwa kozi na vijidudu havijawahi kuonekana kwenye vipimo.

Ila nisiwadanganye, sio dawa ya kila kitu. Kizazi kilichoshuka kikatokeza nje hakirudishwi na mazoezi peke yake, huyo anaweza kuhitaji kipete cha silikoni cha kushikilia au operesheni, japo mazoezi yanaweza kupunguza usumbufu kwa walioshuka kidogo. Mkojo unaotoka muda wote bila kukatika baada ya uchungu mrefu unaweza kuwa fistula, hiyo ni tundu na inahitaji daktari wa upasuaji, usipoteze miezi kubana. Damu kwenye mkojo inatakiwa kuchunguzwa. Na mtu akipata ganzi ghafla katikati ya mapaja huku anashindwa kukojoa au kuzuia choo, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, akimbizwe hospitali.

Kwa anayefikiria kwenda, uliza hivi kabla ya kukubali chochote: utanipima kwanza ndo unipe mazoezi, au unanipa karatasi tu? Umesomea misuli ya nyonga au fiziotherapia kwa ujumla? Naweza kuja na mtu wangu ndani? Mtaalamu mzuri hakasiriki kwa maswali hayo. Wakati unasubiri siku yako acha ile ya kukata mkojo katikati kila ukienda chooni kama zoezi, maana inaweza kukuachia mkojo kwenye kibofu, na usipunguze maji ukidhani utavuja kidogo, mkojo mzito unakichokoza kibofu zaidi. Anza kujaza lile daftari la siku 3 hata kama hujaambiwa, na andika pembeni ulijifungua lini na vipi, operesheni zote, na dawa unazokunywa. Ukifika na hivyo, siku ya kwanza yote itatumika kukupima badala ya kukisia.