Kabla hujatangaza dawa, nionyeshe vishimo vitupu

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, watu wameshavua makoti wanaulizana habari za daladala, mwanafunzi mmoja akaniita. "Madam, hebu njoo uone hii." Kwenye pleti yake, kibao cha plastiki chenye vishimo vidogo 96 vya kukuzia seli, safu zilizotiwa dondoo la majani ya mlonge zilikuwa na zambarau iliyokoza kuliko hata safu ya seli ambazo hazikuguswa na kitu. Mashine ikasoma asilimia 130. Kwa tafsiri ya haraka, seli zilizonyweshwa sumu kisha zikapewa mlonge zilikuwa hai kuliko seli zilizokaa zao kwa raha. Kijana anatabasamu hadi magego yanaonekana.

Nikamuuliza, "Vishimo vyenye mlonge bila seli viko wapi?"

Hakuwa navyo. Kesho yake tukavitengeneza pamoja: kimiminika cha kukuzia seli, mlonge, MTT, basi. Seli hakuna hata moja. Tukarudisha pleti kwenye inkubeta, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi, vishimo vilikuwa zambarau.

Kwa asiyeshinda maabara, MTT ni unga wa njano. Seli hai huugeuza kuwa fuwele za zambarau, nasi tunapima ukali wa rangi hiyo kwenye nanomita 570 na kuandika "asilimia ya seli hai". Lakini mashine haijawahi kuhesabu seli. Inachopima ni rangi, na rangi inatokea pale MTT inapopewa elektroni, awe amezitoa nani. Sasa flavonoidi, zile molekuli za mimea zenye kaboni 15 zilizopangwa kwa pete mbili na daraja katikati, ugawaji wa elektroni ndiyo kazi yao hasa. Majani ya mlonge yamejaa mbili kati yake, kwasetini na kemferoli. Hazikuokoa seli yoyote pale. Ziliipaka rangi karatasi yetu ya majibu.

Msimamo wangu, ambao umeshanigombanisha na watu kwenye vikao viwili vitatu, ni huu: tasnifu au makala inayosema flavonoidi fulani "inaua saratani" au "inalinda seli" bila kuonyesha vishimo vitupu isipewe hata muhuri wa mapokezi. Najua ni ukali. Lakini nimechoka.

Chukua kwasetini, maana ndiyo maarufu kuliko zote. Jina limetoka kwa Quercus, jina la Kilatini la mwaloni, lakini huku kwetu utaikuta kwa wingi kwenye kitunguu chekundu, hasa lile ganda kavu la nje ambalo mama lishe analitupa jalalani. Ikisafishwa ni unga wa njano kama bizari. Na ikiwa maabara, kwasetini ni kama yule shahidi wa mtaani anayeitwa kila kesi: kuku ameibwa, aliona; gari limegonga, alikuwepo; ndoa imevunjika, alisikia kila kitu. Iulize kama inazuia kimeng'enya hiki, yaani protini inayoharakisha kazi za kemia mwilini, inasema ndiyo. Kile je? Ndiyo. Virusi? Ndiyo. Saratani ya titi, ya ini, ya utumbo? Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Hakimu mwenye akili angeanza kujiuliza. Sisi tunaandika makala nyingine.

Jonathan Baell na Michael Walters waliandika mwaka 2014, kwenye jarida la Nature, kuhusu molekuli za namna hii, wakaziita matapeli. Utapeli wenyewe una njia nyingi, lakini upo mmoja ambao kila nikiufikiria nacheka. Mwaka 2000 Barry Halliwell na wenzake huko Singapore walionyesha kwamba ukiweka kwasetini, au zile katekini za chai ya kijani, ndani ya vimiminika vya kawaida vya kukuzia seli, inaungua na oksijeni papo hapo na kuzalisha hidrojeni peroksaidi. Ile ile ya kusafishia vidonda. Kwa hiyo kitu kinachouzwa duniani kote kwa sifa ya kupambana na uchakavu wa oksijeni, kwenye pleti kinatengeneza dawa ya kubabua seli, seli zinakufa, nasi tunaandika kwamba mmea una nguvu dhidi ya saratani. Kumbe ungemimina peroksaidi ya duka la dawa ungepata jibu lile lile na kuokoa hela ya wafadhili. Kukagua hili si kazi kubwa: ongeza katalesi, kimeng'enya kinachovunja peroksaidi, uone kama "dawa" bado inaua.

Njia nyingine ni ya mafungu. Kwasetini na maji havipatani, hivyo tunaiyeyusha kwanza kwenye DMSO, kiyeyusho cha maabara, halafu tunaidondoshea kwenye kimiminika. Hapo molekuli zikikimbia maji hushikana na kuwa vijidonge visivyoonekana kwa macho. Vimeng'enya vinanata juu ya vijidonge hivyo kama inzi kwenye gundi, vinaacha kazi, na mtafiti anasema amepata kizuizi. Brian Shoichet na kundi lake Marekani waliianika hila hii mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwasetini ikiwamo kwenye orodha yao. Tone dogo la sabuni ya maabara, Triton X-100, linavunja mafungu hayo. Kama nguvu ya dawa yako imeondoka na sabuni, haikuwa dawa.

Kipimo cha DPPH, kile cha kuona kama kitu kinapambana na uchakavu wa oksijeni, sitakiongelea sana. Zambarau inageuka njano, tunapongezana. Kikombe cha chai ya rangi kinafaulu mtihani huo bila kusoma. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali kubwa la vyakula na alama zao za namna hiyo, ikaliondoa kwenye tovuti yake mwaka 2012 kwa sababu wauzaji walikuwa wanalitumia kuwadanganya wateja. Sisi bado tunalipia kemikali hiyo kwa dola.

Halafu kuna suala la vipimo, ambalo ndilo linanikera zaidi kwa sababu linahitaji kalamu tu. Kwasetini ya mikromola 50, kiwango cha kawaida kabisa kwenye makala hizi, ni kama miligramu 15 kwa kila lita. Mtu mzima ana takriban lita tatu za ile sehemu ya maji ya damu. Maana yake uwe na miligramu 45 za kwasetini zinazoogelea humo kwa wakati mmoja, zikiwa hazijaguswa. Lakini utumbo na ini hazikubali upuuzi huo. Zinaifunga kwasetini kwa vipande vingine vya kemikali, glukuronidi na salfeti, karibu yote kabla haijafika mbali. Kinachopatikana kwenye damu ya mtu aliyekula vitunguu kwa bidii ni mikromola chache tu, mara nyingi haifiki hata moja, na hiyo ni ya molekuli iliyokwisha kubadilishwa sura. Tunayoijaribu kwenye pleti na inayofika kwenye damu ni vitu viwili.

Nikisema haya, kuna mtu lazima aniambie, "Dada, kwa hiyo unadharau dawa za bibi zetu?" Hapana. Bibi yangu hakuwahi kuweka mlonge kwenye DMSO. Mti aliouchemsha unastahili kupimwa vizuri kuliko tunavyoupima, kwa sababu huenda kweli una kitu, na huenda kitu hicho si flavonoidi kabisa. Kisa cha balungi kinatosha. Mwaka 1989 David Bailey na wenzake huko Kanada walikuwa wanachunguza pombe na dawa ya presha iitwayo felodipini. Wakatumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe, na dawa ikapanda kwenye damu kuliko ilivyotarajiwa. Mshukiwa wa kwanza akawa narinjini, flavonoidi inayolipa balungi uchungu wake, kwa kuwa imejaa humo. Ilipopimwa peke yake ikashindwa kufanya kile ambacho juisi ilifanya. Wahusika wakuu walikuwa furanokumarini, jamii nyingine kabisa. Wangeishia kwa mshukiwa wa kwanza, hadi leo tungekuwa tunafundisha uongo.

Na sisemi flavonoidi hazina faida maabara. Kampuni ya Eli Lilly ilianzia kwenye umbo la kwasetini, ikalichonga upya, na mwaka 1994 ikatoka LY294002, kizuizi ambacho watafiti wa saratani walikitumia kwa miaka mingi kuelewa kimeng'enya kiitwacho PI3K. (Nayo baadaye ikakutwa inagusa vimeng'enya vingine visivyohusika. Mtoto wa nyoka.) Lakini angalia walichofanya: waliichukua kwasetini kama mchoro wa kuanzia, hawakuifunga kwenye chupa na kuiandika dawa.

Tulirudia jaribio la yule kijana. Safari hii aliosha seli mara mbili kabla ya kuweka MTT, akaweka katalesi kwenye safu moja, akapunguza dozi. Asilimia 130 ikayeyuka. Kilichobaki ni ulinzi mdogo kwenye dozi mbili tu, ambao ulitaka marudio matatu zaidi ili kuaminika. Alinuna siku mbili, kisha akaja kuomba pleti nyingine.

Kwenye tasnifu, picha ya vishimo vile vitupu vyenye zambarau ndiyo ya kwanza katika sura ya matokeo. Mmoja wa wasahihishaji alizungushia duara kwa kalamu nyekundu akaandika pembeni: "Seli ziko wapi?"