Kila Karatasi Inataka Mwenzake Atangulie

Mtu anayesema kwamba masomo ya uzamili ni magumu hajawahi kuyaomba. Kusoma kwenyewe, kwa jinsi ninavyosimuliwa na waliokwisha kuvuka, ni vitabu, mihadhara na usingizi wa kuibia, mambo ambayo kila aliyepita chuo anayajua; lakini kuomba ni kazi ya karani, ya mwanasheria, ya mpiga picha na ya mshenga, na zote zinamwangukia mtu mmoja ambaye kesho asubuhi anatakiwa kazini.

Ukurasa wa maelekezo huanza kwa upole. Husema kwamba kinachohitajika ni vitu vichache tu: wasifu, transkripti (yaani orodha rasmi ya alama zako za chuo), barua tatu za wadhamini, insha ya kueleza nia, cheti cha lugha na nakala ya pasipoti. Ukivisoma vikiwa vimepangwa hivyo, unadhani utashika kimoja, ukimalize, kisha uhamie cha pili. Baadaye ndipo unapong'amua kwamba kila karatasi humo inataka mwenzake atangulie, na huyo mwenzake naye anamsubiri wa tatu, na wa tatu amefungiwa kwenye kabati la mtu aliye likizo.

Chukua transkripti. Huruhusiwi kuituma wewe, kwa kuwa wewe ndiye mshukiwa wa kwanza. Mara nyingi hutakiwa itoke moja kwa moja katika chuo ulichosoma, ndani ya bahasha iliyopigwa muhuri pale panapofungukia, au kwa barua pepe rasmi ya ofisi. Ofisi inayohusika ilinitaka kwanza nilete uthibitisho kwamba sidaiwi kitabu cha maktaba. Maktaba nayo ikataka kitambulisho changu cha mwanafunzi, kile kile nilichoamriwa kukirudisha siku ya kumaliza chuo ili ithibitike kwamba sidaiwi kitu. Transkripti ilipopatikana ikawa na majina yangu matatu, ilhali pasipoti ina mawili, na mfumo wa maombi una nafasi ya jina la kwanza na jina la ukoo tu, kana kwamba kati ya mtu na ukoo wake hakuna aliyemzaa. Ikabidi nikale kiapo mbele ya wakili kwamba mimi ni mimi. Wakili alinitazama, akaitazama karatasi, kisha akaniuliza kama nina uhakika.

Lugha nayo ina mambo yake. Shahada yangu ya kwanza nitazikwa nayo, lakini cheti cha IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, hutambuliwa kwa miaka 2 tu, ambayo ni sawa na kusema kwamba Kiingereza changu huchacha kama dawa ya maji iliyokwisha kufunguliwa. Kipimo hicho hufika 9, na programu nyingi hutaka 6.5 au 7. Vipo vyuo vinavyokusamehe mtihani huo ikiwa ulifundishwa kwa Kiingereza, mradi tu chuo chako cha zamani kiandike barua ya kuthibitisha hivyo. Maana yake nirudi ofisi ile ile, kwa mtu yule yule, ambaye safari hii yuko semina.

Kuhusu GRE, mtihani wa kuwapima wanaoomba masomo ya juu, hasa Marekani, sina ugomvi mkubwa. Tangu Septemba 2023 mtihani huo umefupishwa ukawa chini ya saa 2, na alama za sehemu ya hesabu na ya lugha huanzia 130 hadi 170, utaratibu ambao ningeufurahia sana nilipokuwa shule ya msingi, kwani hata aliyetoka kapa anaondoka na mia na kitu. Programu nyingi zimeacha kuudai. Zinazonikosesha raha ni zile zinazoandika kwamba kuuwasilisha si lazima. Mtu mzima akikwambia kwamba si lazima uje, unajua kabisa kwamba atakayekosekana ataandikwa jina.

Lakini mzunguko wenyewe hasa uko kwa wanaoomba kusoma kwa utafiti, ambako katika vyuo vingi vya Uingereza na kwingineko Ulaya inakupasa umtafute msimamizi kabla ya kujaza fomu. Nilimwandikia profesa mmoja barua pepe iliyojaa heshima, nikaambatisha andiko la utafiti, nikasubiri hadi nikaanza kukagua sanduku la barua taka kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Jibu lilipokuja lilikuwa zuri: andiko linavutia, je, nina mfadhili? Nikawageukia wafadhili. Wao wakauliza: je, nina msimamizi aliyekubali? Nikarudi kwa profesa kumweleza kwamba mfadhili anamngoja yeye, naye akanijibu kwa ufupi kwamba anafurahi kusikia hivyo na kwamba nimjulishe mfadhili atakapokubali. Watu wawili wanaopishana mlangoni kwa kukaribishana, na mimi niliyebeba mizigo nimesimama juani.

Ufadhili wa Chevening wa Uingereza, tuutaje kwa haki, umesema wazi unachotaka: pamoja na mengine, uzoefu wa kazi usiopungua saa 2,800. Nikakaa nikaanza kuhesabu. Je, saa ambazo mtandao ulikuwa umekatika nikawa naangalia ukuta nazo ni uzoefu? Vikao vya kupanga vikao vihesabiwe vipi?

Mjomba wangu, ambaye alinikuta katikati ya hesabu hizo, aliniuliza ninafanya nini usiku wote huo.

“Ninaomba kusoma, mjomba.”

“Kwani wewe si ulishamaliza kusoma?”

“Nilimaliza, mjomba. Ninaomba tena.”

Alinyamaza kidogo, akanikagua kuanzia mabega. “Kama kuomba tu kumekukondesha hivi,” akasema, “wakikukubali tutakutambuaje?”

Insha ya kueleza nia niipite haraka, maana inaniuma. Inadai nieleze, kwa maneno yasiyozidi 1,000, nitatafiti nini, kwa nini pale na si kwingine, na nitakuwa nani baada ya miaka 10. Kama ningekuwa nimeshayajua hayo yote, ningekwenda kusomea nini?

Tukaja kwenye wadhamini. Wawili walikubali bila matata. Wa tatu, mwalimu wangu wa zamani, mtu mwema aliyewafundisha wanafunzi wengi kiasi cha kutowakumbuka, aliniambia, “Kijana wangu, kazi zimenielemea. Andika wewe rasimu, nami nitaipitia na kutia saini.” Nikaketi, nikajaribu kuzungumza kwa sauti ya mzee mwenye busara ambaye ananifahamu vizuri, na kwa kuwa yeye hanikumbuki, ikabidi nijikumbuke kwa niaba yake. Aya ya kwanza nilijisifu mpaka nikaona haya, nikaifuta. Aya iliyofuata nilijipunguza kwa unyenyekevu hadi nikajiuliza kwa nini mzee huyu anamdhamini mtu wa namna hii. Kisha ikaja fomu inayomtaka mdhamini aseme kama mwombaji yuko katika asilimia 5 ya juu, 10 au 25 ya wanafunzi wote aliowahi kuwafundisha, nami wanafunzi wake wengine siwajui, ila najua kwamba mmoja wao alikuwa akinakili kazi zangu.

Mfumo ukabakiza swali moja. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za wanafunzi humpa anayejiunga na chuo haki ya kusoma kumbukumbu zake, barua za wadhamini zikiwamo, na ndiyo maana fomu za huko humwuliza mwombaji kama yuko tayari kuiachilia haki hiyo. Washauri husema uiachilie, kwa sababu barua ambayo mwombaji hataiona huaminika zaidi. Basi nikatia alama ya kuthibitisha kwamba kamwe sitadai kuisoma barua ya mdhamini wangu wa tatu, nikahifadhi, kisha nikarudi kwenye aya yake ya pili, ambako bado sijaamua kama mimi ni hodari au ni hodari sana.