Akisema anasikia baridi, mwamini

Kuna kitu kinaniuma siku nyingi. Watu wawili wako chumba kimoja, feni ni hiyo hiyo, mmoja kavaa sweta mwingine anajipepea na daftari, halafu huyu wa sweta ndo anaambiwa anajidekeza. Mimi ni mwembamba, nimeambiwa hivyo tangu utotoni na siku hizi nabisha kabisa, maana hapa hakuna kudeka, ni umbo.

Chukua boksi, refusha kila upande mara mbili. Nje linaongezeka mara 4 lakini ndani linaongezeka mara 8, yaani boksi dogo ndo lina nje nyingi ukilinganisha na ndani yake. Mwili nao ndo hivyo hivyo, joto linatengenezwa ndani na linatokea kwenye ngozi, sasa mtu mwembamba mwenye mikono na miguu mirefu ana ngozi nyingi kwa ule uzito wake kwahiyo joto linamtoka chapchap, wakati mfupi aliyejaa linamkalia. Mwanasayansi Mjerumani Carl Bergmann alishaandika hili kuhusu wanyama mwaka 1847! Na bado tunaitana wadekaji.

Ila msirukie kusema basi mnene hasikii baridi. Mafuta ya chini ya ngozi yanazuia joto la ndani lisifike nje, yaani ndani yuko na nyuzi 37 zake salama kabisa lakini ngozi yenyewe inaweza ikawa ya baridi, na ngozi ndo inawahi kupeleka taarifa kichwani. Kwahiyo mtu mwenye mwili akikwambia anaganda, naye mwamini. Likija joto sasa, mafuta yale yale yanamfungia joto ndani na mzigo wote unaangukia jasho, na jasho linapoza likikauka tu, lita 1 ikikauka yote inaondoka na karibu kilokalori 580, ikidondoka chini haijakusaidia kitu. Ndo maana hewa yenye unyevu inatesa, jasho linatiririka na halikauki.

Halafu misuli, hii watu wanaisahau kabisa. Misuli ndo jiko la mwili, hata kule kutetemeka ni misuli inajichochea yenyewe itoe joto. Mzee ambaye misuli imepungua jiko lake limepungua moto, sasa unapomvua bibi shuka eti mbona hakuna baridi, unapima kwa mwili wako sio wake. Mtoto mchanga ndo kabisa, ngozi nyingi kwa uzito mdogo, kutetemeka hajaweza vizuri, anategemea mafuta ya kahawia yaliyopo shingoni na katikati ya mabega yanayochomwa kumpa joto. Huyo hata kusema hawezi.

Mimi sweta navaa bila kuomba ruhusa siku hizi, na mwenye joto nampisha akae karibu na feni.